Mabomba Membamba

Mume wangu ni mtu ambaye akitumwa chumvi anarudi nyumbani mikono mitupu kuuliza kama nilitaka ya mawe au ya unga. Nimeishi naye mpaka watoto wetu wamekua na kuondoka, na katika muda wote huo sijamwona akichagua kitu mara moja kikaisha. Ni seremala, tena seremala hodari, na huko kwenye useremala tabia hiyo imempa heshima, maana mlango wake ukifungwa umefungwa. Mtaa mzima unamwita Ngojakwanza, kwa sababu ndilo neno lake. Ukimwambia chai tayari, ngoja kwanza. Siku ya harusi yetu alipoulizwa mbele ya watu kama ananikubali, alivuta pumzi ndefu kiasi kwamba mama yangu alianza kutafuta mkoba wake.

Mchukue mtu wa namna hiyo, umwambie mjenge ndege nyumbani. Hiyo ndiyo akili niliyotumia mimi.

Ndege ilikuwa yangu, na naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu kuna wakati hata wenyewe waliokuwa wakiijenga walisahau. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Mchana kutwa nakaa kwenye kigoda nimeinamia fizi za plasta za watu nisiowajua, nasugua gego la mtu mpaka likae sawa na jirani yake. Shingo yangu imezoea kutazama chini. Mteja wangu mmoja, rubani mstaafu aliyekuwa akifundisha watu kuendesha ndege ndogo, alifurahia meno niliyomtengenezea, akanipandisha angani kama shukrani. Tulipoacha ardhi nikajikuta nimenyooka, shingo, mgongo, kila kitu, na sikutaka kushuka. Nilijifunza, nikafanya mtihani, nikapata leseni. Lakini ndege ya klabu ilikuwa na foleni ndefu kuliko bomba la maji la mtaa wenye shida ya maji, na ikifika zamu yako, upepo umebadilika. Nikataka yangu.

Watu hujijengea. Kuna ramani zinauzwa, na mtu mwenye mikono na uvumilivu anaweza. Mikono tulikuwa nayo ya kutosha katika familia. Uvumilivu ndio uliokuwa wangu peke yangu, na ulikuwa unakwisha.

Ramani tuliyonunua ilikuwa ya ndege ya mtu mmoja yenye injini ndogo. Aliyeichora alikuwa muungwana, alimwachia mjenzi nafasi ya kuchagua: kiwiliwili kiwe cha mbao au cha mabomba ya chuma, mabawa yawe ya mbao au ya alumini, bawa likae juu ya kichwa cha rubani au chini ya makalio yake, gurudumu dogo liwe mkiani au mbele. Ila jambo moja hakumwachia mtu. Chini ya kila ukurasa aliandika kwamba, chagua utakavyo, ndege ikiwa tupu isizidi uzito fulani, kwa sababu injini ile inanyanyua kiasi kile na si zaidi. Kiwango hicho nilikiandika kwa rangi nyekundu ukutani mwa karakana ya mume wangu, herufi kubwa kama za bucha, ili asiwepo wa kusema hakuona.

Tulikaa kikao cha kwanza palepale karakanani, kati ya fremu za milango. Alikuwepo mume wangu, na mdogo wake, shemeji yangu, fundi wa kuchomelea mageti na nondo za madirisha, tunayemwita Cheche kwa sababu ya kazi yake na ya mdomo wake. Na alikuwepo baba yao, baba mkwe wangu, aliyeunda bodi za mabasi maisha yake yote, akastaafu yeye lakini mikono yake ikakataa.

"Mbao," alisema mume wangu. "Mbao ina adabu. Kabla haijavunjika inalia, unasikia. Chuma kinakatika bila kuaga."

"Mbao inaliwa na mchwa, kaka," alisema Cheche. "Shemeji, unataka kuruka na mchwa? Hao watakuwa abiria wasiolipa nauli."

"Alumini," alisema baba. "Bati na misumari ya ribiti, basi. Kuna basi langu lilibingirika mpaka chini bondeni, likasimama, na mlango ukafunguka vizuri."

"Baba, hatujengi ndege ya kubingirika."

"Nani anataka ibingirike? Nasema ikibingirika."

Mimi nikasema kwamba kuna faibaglasi, kitambaa cha nyuzi za kioo kinacholowekwa kwenye gundi kikakauka kigumu na chepesi, na kwamba gundi za namna hiyo nazijua kwa sababu ndizo ndugu wa zile ninazofinyangia meno. Walinitazama wote watatu kana kwamba nimependekeza magazeti.

"Ndege ya meno ya bandia," alisema Cheche. "Ikifika usiku tutaivua na kuilaza kwenye glasi ya maji."

Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na hawa waliivuta mpaka nikahisi nimelala katikati, mimi ndiye ngozi. Kila mmoja alileta sampuli ili kunionyesha, na kwa kuwa karakana ilijaa milango ya wateja, sampuli zikaletwa ndani. Vipande vya plaiwudi viliogelea kwenye beseni langu la kufulia ili ijulikane kama vitabanduka. Ukanda wa alumini ulikaa dirishani ndani ya kopo la maji ya chumvi, ukinitazama nikila. Cheche alileta mabomba akayapanga chini ya kochi, na kila aliyekaa aliyapiga teke yakagongana. Mume wangu ndiye aliyevuka mipaka: alifunga ubao mwembamba juu ya mlango wa jikoni akaning'iniza mfuko wa saruji, aone utapinda kiasi gani kabla haujalia. Kwa muda mrefu niliingia jikoni kwangu nimeinama kama mwizi.

Heri ingekuwa vifaa tu. Nikisema bawa likae juu, linipe kivuli na nione chini vizuri, mume wangu atakubali, tena kwa kichwa na kwa mdomo. Asubuhi yake nikiwa napiga mswaki anasimama nyuma yangu kwenye kioo.

"Nilikuwa nafikiri," anasema. "Bawa likiwa chini, ndege ikianguka, bawa ndilo linalogusa kwanza. Wewe unabaki juu yake."

"Tulikubaliana juu."

"Tulikubaliana. Lakini ngoja kwanza."

Nikisema gurudumu dogo likae mkiani, kwa sababu ni jepesi na linafaa viwanja vya nyasi, anakubali, halafu wakati napakua chakula anauliza itakuwaje ikipinduka wakati wa kutua, maana ndege yenye gurudumu la mbele haipinduki ovyo. Akimaliza hapo anauliza injini ikizima. Akimaliza injini anauliza tangi likivuja. Ikianguka, ikipinduka, ikizima, ikivuja. Hakuwa na swali hata moja lililoanza na ikiruka. Nilifika mahali nikisikia hatua zake kwenye korido najifanya nimesinzia.

"Mchagua jembe si mkulima!" nilimwambia siku moja mbele ya wote.

"Haraka haraka haina baraka," alijibu, bila hata kuinua macho kwenye randa yake.

"Na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako!"

Tulirushiana methali mpaka baba mkwe akaomba chai. Nilipomaliza kumimina nikapiga meza kwa birika. Nilisema manahodha wamekuwa wengi na chombo kinaenda mrama, kwa hiyo kuanzia leo nahodha ni mmoja, tena amevaa gauni. Kiwiliwili kitakuwa cha mabomba ya chuma, kazi ya Cheche. Mabawa yatakuwa ya mbao, yavikwe kitambaa na kupakwa rangi ya kukikaza, kazi ya mume wangu. Sakafu, kiti, na ukuta wa kuzuia moto kati yangu na injini ni alumini, kazi ya baba. Kifuniko cha pua na tangi ni faibaglasi, kazi yangu, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize. Bawa juu. Gurudumu mkiani.

"Na atakayeniambia ngoja kwanza," nilisema, "nitamtundika pale penye mfuko wa saruji."

Cheche akasimama akapiga saluti. Baba akasema chai imezidi sukari. Mume wangu alirudi kwenye randa yake.

Vifaa vikaanza kuja. Vyote vilipita stoo ya mume wangu, nyuma ya karakana, kwa sababu ndiyo yenye kufuli la maana, na ufunguo wake anautembeza kiunoni kama mlinzi wa benki. Hakuna msumari unaoingia au kutoka mle bila yeye kuutazama usoni. Mabomba ya ramani yalipofika, ya chuma maalumu, chepesi, chenye ukuta mwembamba, Cheche aliokota moja akalipulizia kama filimbi.

"Hili ni bomba au mrija wa soda?"

"Ndilo linalotakiwa, shemeji. Nguvu yake iko kwenye namna yanavyoungana, siyo kwenye unene."

"Sawa. Rubani ni wewe." Akaliweka chini polepole, kwa heshima, kama mtu anayeweka yai.

Halafu ukaja wakati wa raha, na sitaificha raha yangu, kwa sababu haikuwa nyingi. Mume wangu aliacha kuuliza maswali. Neno lake la ngoja kwanza likapotea kabisa, mpaka jirani akaniuliza kama anaumwa. Alichonga mbavu za mabawa moja baada ya nyingine, akazipima kwenye mizani yangu ndogo ya kupimia unga wa meno, na gundi iliyovuja kwenye maungio aliikwangua kwa patasi, tone kwa tone, kwa sababu gundi nayo ina uzito. Nilimwona nikasema moyoni, mtu huyu ameelewa. Siku ya kujaribu mabawa tuliyageuza tumbo juu kwenye vigogo na kuyapangia mifuko ya mchanga, jinsi ramani inavyotaka, ili mchanga uyakandamize kama hewa itakavyoyainua. Mfuko wa mwisho ulipokaa, bawa lilipinda kidogo, likatulia, na wala halikulia. Cheche alipiga vigelegele kama shangazi harusini. Nilimkumbatia mume wangu mbele ya baba yake, jambo ambalo sifanyi. Yeye alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasema mchanga utolewe taratibu, bawa lisishtuke.

Tukafika siku ya mizani. Tuliisukuma uani ikiwa imekamilika, mabawa yamefungwa, injini imekaa, pua yangu inang'aa, na nikiri kwamba ilikuwa nzuri hata jirani aliacha kufua. Tuliazima mizani tatu za wapimaji wa nafaka, tukaipandisha, gurudumu moja juu ya kila mizani. Cheche alisoma, mimi nikajumlisha. Nikajumlisha tena. Nikamwambia Cheche apishe nisome mwenyewe, nikajumlisha upya kwa chaki kwenye saruji. Mume wangu alikuwa mlangoni mwa karakana ananoa patasi ambayo nilijua imekwisha kunolewa.

Ilikuwa imezidi. Na haikuzidi kwa tone la gundi. Ilizidi kwa kiasi ninachokifahamu vizuri, kwa sababu ndicho ninachokiona kila ninapopanda mizani ya zahanati. Ilizidi kwa uzito wangu mimi, pamoja na viatu.

"Kwa hiyo ndiyo haitaruka?" aliuliza baba.

"Itaruka, baba. Itaruka vizuri kabisa. Mradi mimi nibaki chini."

Cheche alicheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha.

Sikupiga kelele mwanzoni. Nilisema tuifungue, tupime kipande kimoja kimoja, na nikaanza na mabawa kwa makusudi, kwa sababu kama kuna mtu niliyemtilia shaka, ni yule aliyeulizia kuanguka mpaka nikakosa hamu ya kula. Tukayateremsha, tukayapima. Yalikuwa sawa na ramani. Yalikuwa hata pungufu kidogo, mepesi na kamili, na nilijisikia vibaya na nikajisikia fahari, vyote kwa mara moja.

"Mnaona?" niliwaambia wale wawili. "Ukoo mzima una mtu mmoja tu anayejua kusoma ukutani!"

Mume wangu aliinama zaidi. Patasi ilikuwa inaenda na kurudi kwenye jiwe.

Baba ndiye aliyeanza kukiri. Alisema aliongeza bati kidogo chini ya kiti. Na nyuma ya kiti. Na pembeni pia, kwa kuwa lilikuwa limebaki, na akalipigia safu mbili za ribiti pale penye safu moja.

"Baba, kwa nini?"

"Mgongo wako, mwanangu," alisema, kana kwamba nimemuuliza kwa nini watu huvaa nguo.

Lakini bati la baba halikufikia hata nusu ya ziada ile. Nikamgeukia Cheche. Aliinama, akagonga kiwiliwili cha ndege kwa ukucha. Kilitoa sauti nzito, ya geti.

"Hili ni bomba lako," nilisema. "Shemeji, umenijengea geti!"

"Sikiliza, shemeji. Mimi maisha yangu sijatengeneza kitu kikaanguka. Nikishika yale ya ramani mkono ulikuwa unatetemeka, haki ya Mungu. Nikawaza, nikimpeleka mke wa kaka angani kwa mirija ya soda, halafu… Nitawaambia nini wale watoto? Nikatumia yangu, yenye ukuta mnene. Nikaunga vizuri, angalia maungio."

"Maungio ni mazuri! Hata tembo akija hapa hataingia ndani! Na yale niliyonunua mimi umeyapeleka wapi? Umeyauza?"

"Kuuza? Hapana, sijayagusa. Yapo stoo, kwa kaka."

Patasi ilisimama.

Mimi si mwepesi sana wa kuelewa nikiwa na hasira. Ilinibidi niutazame ufunguo kiunoni mwake, nitazame mlango wa stoo, nitazame ufunguo tena. Hakuna msumari unaoingia au kutoka mle bila yeye kuuona.

"Uliyaona," nilisema.

"Niliyaona," alisema mume wangu. "Yalibaki pale nyuma ya fremu. Niliyafunika turubai yasipate kutu."

"Ukajua ndugu yako anachomelea mabomba ya mageti."

"Nilijua."

"Na bati la baba?"

"Nilimkatia mwenyewe."

"Na ulijua uzito utazidi. Wewe unayepima gundi! Ulijua, na ukaniacha naumiza mgongo na ile pua, Jumapili hadi Jumapili. Mbona hukusema?"

Aliiweka patasi chini, akajifuta mikono kwenye suruali, mmoja, halafu mwingine.

"Ningesema, ungeruka."

Baba mkwe alimshika Cheche mkono wakaenda kusimama mbali kidogo, wakijidai wanatazama gurudumu.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako, nilimwambia mnafiki, nilimwambia hata ndugu yake mwenye mdomo alinidanganya kwa mkono unaotetemeka lakini yeye kanidanganya huku anang'oa tone la gundi. Nikamwambia kama alitaka ndege isiruke, angeweka ubao mnene kwenye mabawa yake, tujue moja, kuliko kuniwekea mitego na kukaa pembeni na patasi.

"Nilijaribu," alisema. "Nilipasua ubao mnene. Niliupima, nikauweka benchi, ukalala pale siku nzima nikiuzunguka. Mkono ulikataa. Kukutengenezea kitu kibovu siwezi." Akatazama saruji penye hesabu zangu za chaki. "Kunyamaza naweza."

"Ungeniambia tu kwamba unaogopa! Neno moja!"

"Nilikuambia." Sauti yake ilipanda, na mume wangu si mtu wa kupandisha sauti. "Nilikuambia asubuhi, nikakuambia mezani, nikakuambia korido nzima. Ikianguka, ikipinduka, ikizima. Ulidhani naongea habari za magurudumu?"

Nilimwachia ua, ndege na baba yake, nikaenda kazini ingawa haikuwa siku ya kazi, nikakaa kwenye kigoda changu kutengeneza meno ya mtu. Niliyaharibu. Meno ya juu yalitoka kama yanamcheka mwenyewe. Nilikuwa na hasira mpaka mikononi, na hasira yenyewe ilikuwa imechanganyika na kitu kingine kilichoniudhi zaidi, kwa sababu huwezi kumfokea mtu vizuri wakati unajua anakupenda.

Tulikaa bila kusemeshana, isipokuwa yale ya lazima, chumvi iko wapi na nani kazima jiko. Wengine hawakukaa kimya. Cheche alikuja na wazo la injini kubwa zaidi, nikamwambia injini kubwa ina uzito wake na kiu yake, na mafuta nayo hayaelei hewani. Baba alikuja na wazo la kuiacha uani kama pambo. Alisema ni kitu kizuri, watu watapita waitazame, na mtu anaweza kukaa ndani akanywea chai. Nilimshukuru. Nilikuwa nimefika mahali nilipoweza kuiona kabisa, ndege yangu na vikombe, na kuku wakitaga kwenye kiti chenye bati mara mbili.

Jumamosi mchana niliomba ufunguo wa stoo. Mume wangu aliufungua kiunoni akanipa bila kuuliza, na hapo tu nilijua hali imekuwa mbaya. Niliyatoa yale mabomba membamba nyuma ya fremu, chini ya turubai. Hayakuwa na kutu hata doa, alikuwa ameyapaka mafuta. Niliyalaza kwenye vigogo viwili vya kazi, na pembeni nikaweka bomba moja la Cheche, nene. Nikamwita mume wangu.

"Chagua," nilisema.

"Mwamuzi ni wewe. Ulipiga meza."

"Nilipiga meza, na mmeona ilivyofaa. Ndege nzima nimeiamua mimi. Hili la mwisho chagua wewe, na useme kwa mdomo, maana nimechoka na mtu anayejibu kwa kunyamaza. Ukisema manene, ndege inabaki uani, baba anywee chai. Mimi nitabaki chini, na nitakununia mpaka tuzeeke, lakini nitabaki chini. Ukisema membamba, ushike msumeno leo, Cheche aanze kuunga upya kesho, na mimi nitaruka. Hakuna njia ya tatu."

Nilingoja aseme ngoja kwanza. Nilikuwa na maneno yangu tayari kwa ajili yake, nimeyanoa.

Hakusema. Alichukua bomba moja jembamba, akalielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia ndani yake kutoka upande huu, akaligeuza akachungulia kutoka upande ule. Aliliweka juu ya goti akalikandamiza kwa uzito wake wote, likapinda kidogo, likarudi. Akalikandamiza tena.

"Membamba," alisema.

Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa nimeshinda, na nikajikuta nalitazama tu lile bomba mkononi mwake.

"Lakini siku ya kwanza usiniite," alisema, akiwa bado ameshika bomba. "Nitakutengenezea kila kitu. Nitakaza kila skrubu kwa mkono wangu. Ila kusimama pale chini niangalie juu, hapana. Usiniombe."

Nilitaka kumwambia kwamba kuruka bila yeye kuangalia ni nusu ya kuruka. Lilikuwa la kweli, na lilinichoma, na kama ningelisema angekuja, angesimama pale akafa kidogo kwa kila dakika ili mimi nipungiwe mkono. Nikalimeza.

"Sitakuita," nilisema. "Nikishatua nitakuja moja kwa moja nyumbani nikusimulie ilivyokuwa."

"Usinisimulie," alisema. "Wewe njoo tu."

Alichukua msumeno wa chuma, akapima pa kukata, akapima tena. Sikumharakisha. Nilishika ncha ya pili ya bomba lisicheze, naye akaanza kukata.